Koroboi na Karabai

Kuna Kilwa mbili ambazo msomaji wa sura hii atahitaji kuzikumbuka. Ya kwanza anaijua: Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, penye magofu ya Husuni Kubwa yanayotazama Bahari ya Hindi. Ya pili ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, kinachofikiwa kwa boti kutoka Nchelenge na Kashikishi. Majina ni mamoja lakini hewa si moja. Maji ya Mweru yako takriban mita 920 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 30, lita moja ya hewa katika Kilwa ya pwani ina uzito wa karibu gramu 1.16, na lita hiyohiyo katika Kilwa ya ziwa ina karibu gramu 1.04. Mtu anayetembea hahisi tofauti hiyo. Injini huihisi mara tu inapowashwa.

Sababu ni kwamba injini, iwe ya petroli au ya dizeli, ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Pistoni inashuka, silinda inavuta hewa, mafuta yanaingia, moto unawaka, pistoni inasukumwa chini. Kuongeza mafuta ni kazi rahisi, maana mafuta ni kimiminika na nozeli pana kidogo inatosha. Hewa ndiyo yenye ubishi. Gramu moja ya petroli hudai karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na ukiizidishia mafuta bila kuiongezea hewa unapata moshi mweusi na plagi zilizojaa masizi. Kwa hiyo mashindano ya nguvu za magari, tangu mwanzo wake, yamekuwa mashindano ya kuingiza hewa.

Njia ziko mbili, na wavuvi wa chisense wa Mweru wanazifahamu kwa sura nyingine. Chisense ni samaki wadogo mithili ya dagaa, wanaovuliwa usiku kwa mwanga. Kabla ya taa za betri, mvuvi alikuwa na karabai. Koroboi ya nyumbani huvuta hewa yenyewe kupitia utambi wake: haina kelele wala vipuri, mwanga wake ni mdogo, na hata mtoto anaweza kuitengeneza. Karabai hutumia mafuta ya taa yaleyale, ila mtu ameipiga pampu kwanza, na mwanga wake unaita samaki kutoka mbali. Ina soksi inayotoboka, washa inayokauka na tundu linaloziba, na haya hutokea uko katikati ya ziwa. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe ni koroboi. Injini yenye supachaja, yaani pampu inayoishindilia hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, ni karabai.

Hakuna watu waliolibishania jambo hili kwa mapenzi kama Wamarekani. Kundi moja linaamini katika ukubwa: ukitaka nguvu, tengeneza silinda kubwa zaidi. Kundi la pili linasema silinda iachwe ilivyo na juu yake ifungwe pampu. Pampu yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya magari. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, walipata hataza ya pampu yao mwaka 1860, ambapo gari la petroli lilikuwa bado halijazaliwa, na pampu hiyo ikaenda kupuliza hewa kwenye matanuri ya chuma na migodini. Mwaka 1932 kampuni ya Duesenberg iliuza gari la SJ lenye supachaja na kudai kuwa lina nguvu farasi 320, kiasi cha ajabu kwa wakati huo. Baada ya vita vya pili vya dunia vijana wa California wakagundua hazina nyingine, nayo ilikuwa pampu za injini za dizeli za General Motors za mapigo mawili. Injini hizo haziwezi hata kupumua bila pampu, kwa sababu pistoni zake hazina pigo la kuvuta hewa, na pampu ilikuwepo ili kufukuza moshi na kuingiza hewa safi. Iliyotoka kwenye injini ya 6-71 ya malori na boti za kijeshi ikafungwa juu ya V8 za petroli, ikitokeza nje ya boneti kama nundu ya ng'ombe. Mpaka leo ukiona picha ya gari la Kimarekani la mbio fupi lenye dude la chuma juu ya boneti, unatazama kizazi cha pampu hiyo.

Ulinganisho ulio safi zaidi ulitolewa na Dodge katika matoleo ya mwaka 2015. Gari lilikuwa moja, Challenger, lenye injini mbili za ukoo mmoja. Ya kwanza, iliyoitwa 392 kwa ukubwa wake wa inchi za ujazo, ilikuwa na lita 6.4, ikivuta hewa yenyewe, na ilitoa nguvu farasi 485. Ya pili, Hellcat, ilikuwa na lita 6.2 na supachaja, ikatoa 707. Injini ndogo imeizidi kubwa kwa farasi 222. Ford nao wakafanya hivyo baadaye kwa lita zilezile 5.2: Shelby GT350 bila pampu ilitoa 526, ikizunguka hadi mara 8,250 kwa dakika kwa mlio ambao wapenzi wake hawajaacha kuusimulia, na GT500 ya mwaka 2020 yenye pampu ikatoa 760.

Kwa namba hizi tu mjadala ungeisha. Lakini pampu ina gharama zake, na tuzitazame moja moja kwenye Hellcat. Pampu yake ni ya skrubu mbili zilizofumana, inameza karibu lita 2.4 za hewa kwa kila mzunguko, na inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krankshafti ya injini hiyohiyo, kwa kasi inayofika mizunguko 14,600 kwa dakika. Kazi hiyo peke yake, injini ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, hula takriban farasi 80. Yaani kabla gari halijasogea hata hatua moja, farasi wanaotosha kuendesha Corolla nzima wamekwishatumika kuzungusha pampu.

Joto ni gharama nyingine. Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama mtu aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anavyojua akishika ncha ya bomba. Iliyoingia na nyuzi 30 inaweza kutoka ikiwa imepita 100. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida inapotea palepale, na ubaya zaidi ni kwamba petroli inaweza kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche ya plagi haujaifikia. Mafundi huita hali hiyo kugonga, na injini inayogonga kwa muda hutoboa pistoni. Ndiyo maana Hellcat ina vipozeo vya hewa vyenye maji na pampu yake ya maji ya pekee, na ndiyo maana uwiano wake wa mgandamizo ulishushwa hadi 9.5 kwa 1, wakati 392 ilibaki na 10.9. Uwiano wa chini una maana kwamba gari likitembea polepole mjini, pampu ikiwa inazunguka bila kushindilia hewa, injini hainyonyi kila tone la petroli ipasavyo. Na petroli yenyewe haiwezi kuwa ya kubahatisha: okteni 91 kwa kipimo cha Kimarekani, ambayo ni kama 95 kwa kipimo kinachoandikwa kwenye vituo vya upande wetu wa dunia. Petroli iliyouzwa kwenye dumu kando ya barabara haina hakika ya namba yoyote.

Sasa tuyapeleke magari yote mawili Nchelenge. Ni safari ya kufikirika tu, kwa sababu Challenger ilitengenezwa na usukani kushoto, na Zambia, kama Tanzania na Kenya, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Barabara inatoka Mansa, inashuka kwenye bonde la Luapula, inapita Mwense na Mwansabombwe, makao ya mtawala Mwata Kazembe, halafu inafuata ufuko hadi Kashikishi. Gari la 392, lenye farasi 485 katika Kilwa ya pwani, likifika ufukoni hapa litakuwa na karibu 430. Hilo linaeleweka. Hewa imepungua kwa moja ya kumi, na nguvu zimeifuata.

Na Hellcat je? Hapa ndipo watu wengi, hata wanaojua magari, hujikwaa. Wanadhani kwa kuwa lina pampu, mwinuko haulihusu. Linahusika sawasawa na mwenzake. Pampu imefungwa kwa mkanda, kasi yake ni kasi ya injini mara namba moja isiyobadilika, na kwa kila mzunguko inameza ujazo uleule wa hewa. Haiwezi kujua kwamba hewa ya leo ni nyepesi, wala haiwezi kuongeza bidii. Katika Kilwa ya pwani inachukua hewa ya shinikizo la baa moja na kuifikisha karibu 1.8. Katika Kilwa ya ziwa inachukua hewa ya baa 0.9 na kuizidisha kwa kiwango kilekile, na inapata karibu 1.6. Farasi 707 wanashuka hadi kama 630. Bado ni wengi kupita mahitaji ya barabara yoyote ya Luapula, lakini asilimia iliyopotea ni ileile iliyopotea kwa 392.

Pampu iliyotibu mwinuko kweli ilijithibitisha kwenye injini ya ndege, na haikuzungushwa kwa mkanda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo kuzungusha pampu ya hewa. Hiyo ndiyo tabo. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty kwenye kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Injini iliyotoa farasi 350 chini ilitoa karibu 230 kule juu ikivuta hewa yenyewe. Alipoiunganishia tabo ikatoa 356. Siri ni kwamba tabo haijafungwa kwa kasi ya injini. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, moshi unaotoka hukuta upinzani mdogo, gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi, na pampu inafidia. Tabo za zamani zenye springi ya kupunguza shinikizo hufidia sehemu tu ya upungufu. Za kisasa zinazoamriwa na kompyuta hufidia karibu wote, mpaka gurudumu lifike mwisho wa kasi lililoundiwa.

Kwa hiyo mtu anayeishi nyanda za juu akiniuliza achague kati ya supachaja na injini ya kawaida kwa sababu ya mwinuko, jibu langu ni kwamba swali limesahau mgombea wa tatu.

Afrika Mashariki iliwahi kuyajaribu haya yote hadharani, kwenye mashindano ya Safari. Mwaka 1964 Wamarekani walikuja na kikosi kizima cha Mercury Comet zenye V8 za lita 4.7 zisizo na pampu, maana kwao ukubwa ulitosha. Mojawapo aliiendesha Joginder Singh, aliyeshinda mwaka uliofuata kwa Volvo PV544. Comet mbili tu zilifika mwisho, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes, yenye lita moja na nusu. Kuanzia 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo kwa Datsun zilizovuta hewa zenyewe. Lancia walikuja na 037, gari lenye supachaja lililokuwa limewapa ubingwa wa dunia mwaka 1983, na halikuwahi kushinda Safari. Toyota wakaleta Celica yenye tabo na kushinda 1984, 1985 na 1986. Lancia walipolipata kombe hilo hatimaye, mwaka 1988, Miki Biasion alikuwa kwenye Delta Integrale, nayo ilikuwa na tabo. Sitadai kwamba hewa ya nyanda za juu za Kenya ndiyo pekee iliyoamua. Matope, vumbi, matairi na bahati vina sehemu yao, na 037 ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ila mpangilio wa ushindi unasomeka.

Supachaja ambayo Mswahili wa kawaida ameiona kwa macho si ya Kimarekani. Ni ile iliyoandikwa KOMPRESSOR nyuma ya Mercedes-Benz C180 na C200 za miaka ya 2000, zilizojaa Dar es Salaam na Nairobi zikitoka kwa mitumba. Injini ya lita 1.8, ileile kwenye gari lililouzwa kama 180 na kwenye lililouzwa kama 200, inatoa farasi 143 au 163 kulingana na ilivyopangwa kiwandani. Mteja aliyelipa zaidi kwa ajili ya 200 hakununua chuma kikubwa zaidi, alinunua hewa zaidi. Na kampuni hiyo nayo, mwishoni mwa muongo, ikaiacha supachaja kwenye magari hayo na kuhamia tabo, kwa sababu mkanda hula petroli na moshi ulikuwa unapotea bure.

Ufukoni kwa Mweru pambano lenye maana ni la Land Cruiser. Mwaka 1990 Toyota walitoa injini mbili za dizeli za silinda sita, zote zikiwa na sentimita za ujazo 4,164. Ya kwanza, 1HZ, inavuta hewa yenyewe na kutoa kama farasi 130. Ya pili, 1HD-T, ina tabo na inarusha dizeli moja kwa moja kwenye silinda, ikatoa kama 165. Ni ndugu wawili kama 392 na Hellcat, na ningependa kila kitabu cha magari kinachoandikwa kwa Kiswahili kianzie kwao badala ya Challenger. Yule mwenye nguvu alikwenda kwenye magari ya kifahari, yale ya viti vya ngozi. Yule dhaifu ndiye aliyeenea hospitalini, kwenye miradi ya maji, kwa polisi na kwa mapadri, katika gari refu lenye viti vya ubavuni ambalo kila mtu kutoka Kashikishi hadi Pweto, upande wa Kongo, analitambua kwa mlio.

Kwa nini dhaifu ashinde? Nguvu ya kuzungusha ya 1HZ, Nyutoni-mita 285, inapatikana kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya mtu anayepita kwenye mchanga au kwenye daraja la magogo. Pampu yake ya dizeli ni ya gia na springi, haina kompyuta. Haina tabo ya kudai oili safi, wala bomba la hewa lenye shinikizo la kupasuka safari ikiwa nusu. Fundi mwenye spana, birika na mwanga wa jua anaweza kuifungua. Wenye haraka wameijaribu njia ya mkato: wananunua tabo, wanaifunga kwenye 1HZ, kisha wanaongeza dizeli. Kwa muda gari linapaa. Kisha silinda hedi inapata ufa, kwa sababu injini hiyo huwasha dizeli katika chumba kidogo ndani ya hedi, uwiano wake wa mgandamizo ni zaidi ya 22 kwa 1, na joto lile halikupangiwa njia ya kutokea. Tabo haikuwa kosa, ila iliwekwa kwenye injini iliyoundwa kuwa koroboi.

Kwenye dizeli mwinuko hujionyesha kwa namna nyingine. Dizeli hufanya kazi ikiwa na hewa ya ziada, hivyo 1HZ iliyotoka pwani haipotezi moja ya kumi ya nguvu zake inapofika Mweru. Inachofanya ni kutoa moshi. Pampu inarusha dizeli kiasi kilekile ilichopangiwa, hewa ya kuichoma imepungua, na sehemu ya mafuta inatoka nyuma ikiwa nyeusi. Ukipanda kutoka bondeni kwenda Kawambwa, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, gari lililopakia hadi juu linaacha wingu nyuma yake. Baadhi ya pampu zilikuja na kifaa cha kupunguza mafuta kadiri hewa inavyopungua. Kama gari lako halina, fundi wa pampu anaweza kupunguza mafuta kidogo kwa skrubu, na utakachopoteza ni moshi zaidi kuliko nguvu.

Malori ni habari nyingine. Samaki wa Mweru, wakiwa wabichi kwenye barafu au wakavu kwenye magunia, huenda hadi Copperbelt, na siku hizi njia ya mkato kupitia Kongo huvuka Luapula kwenye daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008. Wakati mgodi wa Dikulushi, upande wa Kongo, ulipokuwa ukizalisha shaba na fedha, shehena ilivushwa ziwani kutoka Kilwa ya Kongo, ambayo ni Kilwa ya tatu ukipenda, hadi Nchelenge, kisha ikaendelea kwa barabara. Fuso za kizazi cha zamani zenye injini ya 6D17, lita 8.2 bila tabo, zilikuwa jibu la Kijapani kwa falsafa ya Kimarekani ya ukubwa. Lakini lori kubwa la masafa marefu halitengenezwi tena bila tabo, popote duniani. Tani 30, mlima na bei ya dizeli vimeshaamua.

Na majini? Boti inayovuka kwenda kisiwani ikiwa na injini ya nje ya mapigo mawili inatumia kanuni yenye kupendeza: sehemu ya chini ya pistoni yenyewe ndiyo pampu, ikisukuma hewa, petroli na oili kutoka kwenye kasha la krankshafti kwenda juu. Hakuna mkanda. Nguvu ikipungua kwa sababu ya mwinuko, mwenye boti habadilishi injini. Anabadilisha panga, anaweka lenye mshazari mdogo ili injini ifikie mizunguko yake.

Huko Marekani, Mercury wa injini za boti, si wale wa Comet, walizindua mwaka 2004 injini ya nje ya kifahari, Verado, silinda sita, lita 2.6, yenye supachaja na kipozeo cha hewa kinachotumia maji ya ziwa au bahari. Ilisifiwa sana na ilikuwa kimya. Miaka 14 baadaye, kampuni hiyohiyo ikatoa Verado ya V8 yenye lita 4.6, farasi 300, bila pampu yoyote. Lita mbili za ziada zikachukua nafasi ya mkanda, skrubu na kipozeo. Kwenye magari, Chevrolet waliifanyia Corvette Z06 jambo lilelile: toleo la 2015 lilikuwa na supachaja na farasi 650, toleo la 2023 lina lita 5.5 zisizo na pampu na farasi 670. Challenger yenye Hellcat ilikoma kutengenezwa mwishoni mwa 2023, na Dodge wakaigeukia injini yenye silinda sita za mstari mmoja na tabo mbili. Nafasi ya supachaja inabanwa pande zote mbili, na injini kubwa zinazovuta hewa vizuri kuliko zamani na tabo zinazoitikia haraka kuliko zamani. Mimi binafsi nitaikosa sauti yake, ule mluzi unaopanda pamoja na mguu, lakini sidhani kama itarudi kwa wingi.

Toyota wameleta Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye dizeli ya lita 2.8 na tabo, farasi 204 kwenye injini iliyo pungufu kwa lita moja na zaidi kuliko 1HZ. Kwa masoko ya Afrika na mashirika ya misaada, 1HZ iliendelea kuuzwa ikiwa mpya hadi ndani ya miaka ya 2020, zaidi ya miaka 30 tangu izaliwe. Atakayechagua ya tabo anapaswa kujua atakachodaiwa: oili ya daraja sahihi na kwa wakati, filta ya hewa isiyopitisha vumbi la barabara, na dakika moja au mbili za kuiacha injini iungurume taratibu baada ya mlima, ili oili ipoze shafti ya tabo kabla haijasimama.

Na kama gari ni la mtumba, kabla ya kuhesabu kwacha liendeshe kwenye kilima hicho cha Kawambwa likiwa na mzigo, si kwenye lami tambarare ya Kashikishi. Liache lipoe, chomoa bomba la hewa, shika shafti ya tabo kwa vidole viwili uisukume juu na chini. Ikicheza mpaka panga linagusa kuta, au ukikuta oili imelowanisha bomba, muuzaji apunguze bei kwa thamani ya tabo nzima, si nusu yake.